Kubebewa Sala

Tarehe 4 Machi

Mdogo wangu Kifuniko,

Zile salamu za mwanzo wa barua zijaze mwenyewe, unazijua. Wewe mzima, watoto wazima, wifi yako mzima. Mimi ndiye ninayeharibu orodha, na ndiyo maana naandika.

Usinipigie simu. Mara ya mwisho uliniuliza kama nimo ndani ya pipa. Sasa hata pipa lina nafuu. Wiki iliyopita nimesimama mnadani juu ya sanduku langu, nauza kabati la milango mitatu, kabati la watu wenye heshima zao, nikasema "mara ya kwanza", sauti ikatoka. Nikasema "mara ya pili", ukatoka upepo. Watu wakadhani nawafanyia vichekesho. Wakacheka, na mimi nikacheka nao, kabati likaenda kwa bei ya kigoda. Waliokuwa wakiniita Kengele sasa wananiita Kengele ya Mbao.

Wifi yako akanikokota hospitali. Daktari wa koo ni mama mmoja mwenye umbo dogo, hana maneno mengi. Akanipitishia puani mpira mwembamba wenye taa, machozi yakanitoka mbele ya wauguzi. Akaangalia, akaangalia tena, kisha wakakata kinyama wakakipeleka kupimwa. Juzi ametuita. Ni saratani, mdogo wangu. Iko kwenye kikoromeo. Nimeliandika hilo neno haraka haraka ili lipite.

Anasema wanaweza kukiondoa kikoromeo chote, na kwa kuwa ugonjwa haujatoka pale ulipo, nafasi yangu ya kupona ni kubwa. Lakini sauti itakwenda nacho. Hata ya kukwaruza haitabaki. Nitakuwa napumulia tundu hapa chini ya shingo. Nimepewa kitanda cha mwisho wa mwezi huu. Nilimuuliza kama hakuna njia nyingine, akasema ningekuwa baba yake angenikata.

Sasa sikiliza. Unakumbuka tulivyolelewa na mama. Mwenye hofu hajiombei, kwa sababu akijiombea husikia kile anachotaka kusikia. Anampa mwenzake sala ambebee. Yeye anakaa palepale alipo, hafanyi uamuzi, wala hamharakishi aliyembebea kwa maswali, mpaka aletewe jibu. Unakumbuka tulipotaka kuhama ile nyumba ya bomba bovu? Mama akampa shangazi aibebe, sisi tukakaa na mizigo imefungwa, sufuria moja nje, vitanda vimevuliwa magodoro, mpaka shangazi akarudi na neno. Majirani walisema ukoo wetu una wazimu. Basi na uwe nao.

Mimi nilikubebea wakati wa Kidoti. Najua ilivyokwisha. Mwanao tumemzika mwaka haujapita na sitaligusa jeraha hilo kwenye karatasi. Ninachosema ni kwamba masikio yangu siyaamini tena. Yako nayaamini. Nibebee hii: nikatwe, au nimwachie Mungu koo lake alitengeneze mwenyewe?

Naogopa. Nimewachekesha watu miaka yote hii, na wifi yako anadhani bado nachekesha. Wewe ndiye nakuambia.

Kaka yako,
Kengele


Tarehe 13 Machi

Kaka,

Barua yako nimeianza nikiwa nimesimama, nikaimaliza nimekaa juu ya kikapu cha mashuka machafu, jambo ambalo hapa kwetu kwenye dobi la hospitali tunakatazwa. Msimamizi alipita akaniona, akaona na uso wangu, akapita tu.

Pole sana. Baba angekuwapo angesema hicho kikoromeo ulikitumia vibaya tangu utotoni. Nakumbuka ulivyokuwa ukitangaza chakula cha jioni mpaka nyumba ya tatu inajua tunakula nini.

Nimeupokea mzigo wako. Nitaomba.

Hapa mambo ni yale yale. Mashine kubwa ya pili imekufa, kwa hiyo mashuka ya wodi zote yanapita kwenye moja, na joto la mle ndani halisemeki. Mwenzangu wa kukunja bado ni yule Bi Pembe, anayetaka pembe za shuka zikutane barabara kama za bahasha. Anaimba nyimbo za ibada kutwa nzima. Nimemwomba aimbe kimoyomoyo.

Mungu hajatuacha. Wifi aniarifu siku ya kitanda ikifika. Kula hata kama hutaki.

Mdogo wako


Tarehe 1 Aprili

Mdogo wangu Kifuniko,

Leo ni siku ya wajinga, kwa hiyo lolote nitakaloandika una ruhusa ya kutoliamini.

Kitanda nimekiona. Kiko karibu na dirisha, godoro jipya, na ukilala unaona watu wanavyogombana getini na mlinzi. Sinema ya bure. Daktari ananiona mara kwa mara, na kila akiniona anakunja uso, lakini nadhani ndivyo uso wake ulivyoumbwa.

Mimi na wifi yako tumebuni lugha. Nikipiga makofi mara moja nataka maji. Mara mbili, nataka aje. Nikipiga makofi mfululizo, basi nimemtania na ninajipongeza mwenyewe. Watoto wanasema nyumba imekuwa na amani mno, inawatisha.

Mnadani yuko yule mshirika wangu tunayemwita Bwana Haya-Haya. Anajitahidi, lakini anauza friji kama anayetangaza msiba. Nilikwenda kumtazama, nikasimama nyuma ya watu. Mtu mmoja alinigeukia akauliza, "Kengele yuko wapi siku hizi?" Hakunitambua. Nikainua mabega.

Sikuulizi kitu, na unajua kwa nini. Nimetulia kama tulivyofundishwa.

Kaka yako


Tarehe 10 Aprili

Kaka,

Nimefurahi kusikia kitanda kiko dirishani. Godoro jipya ni bahati, wengine huku kwetu wanalalia chuma. Wakishakupangia siku ya upasuaji nijulishe, nitaomba ruhusa ingawa watalalamika.

Nakuombea kila asubuhi kabla hatujafungua mvuke. Usiwe na wasiwasi upande huo.

Wamebadilisha sabuni, mikono imetoka magamba. Bi Pembe kanipa mafuta yake. Ni mtu mwema, akinyamaza.

Nisamehe kwa ufupi, zamu inaanza.

Mdogo wako


Tarehe 3 Mei

Mdogo wangu,

Asante kwa hizo asubuhi. Hujui zinavyonisaidia. Nikiamka najiambia, saa hizi Kifuniko amepiga magoti huko kwenye joto lake, mimi kazi yangu ni kukaa tu. Nakaa.

Sikujua kama kukaa ni kazi. Mnadani nilizoea kitu kiishe, nyundo igonge, kingine kije. Sasa nyundo iko hewani haishuki. Mchana watoto wakiwa shule na wifi yako ameenda dukani, ninakaa kwenye kile kiti cha mkono mmoja, nasikiliza pumzi yangu ikipiga filimbi. Hofu inakuja kwa wakati wake kama mgeni aliyezoea nyumba. Haibishi hodi. Inakaa pale kwenye kochi. Nimejaribu kuitania, haicheki.

Halafu namkumbuka mama na ile mizigo iliyofungwa, na yeye amekaa juu ya sanduku la vyombo anatuchambulia chawa kama vile hatuna shida duniani. Nilidhani haogopi. Sasa najua alikuwa anaogopa kuliko sisi sote, ila alikuwa amempa mtu mzigo na hakutaka kumpokonya.

Nimepungua kidogo. Suruali zimekuwa za mtu mwingine. Chakula kigumu kinagoma kupita, nakunywa uji. Mengine yote shwari.

Wala usifikiri nakuharakisha. Chukua muda wote wanaokupa huko juu.

Kaka yako


Tarehe 16 Mei

Wifi,

Sijawahi kukuandikia, na mwandiko wangu unaujua, ni wa kuku. Lakini leo nisipoandika nitapasuka.

Kaka yako hajalazwa. Hajawahi kulazwa. Kile kitanda cha dirishani alikwenda kukiona na mfuko wake wa nguo mkononi, mimi nyuma yake na chupa ya chai. Akakitazama, akakaa juu yake kidogo, kisha akamwambia muuguzi kwamba bado hajaletewa jibu, wampe mwingine. Tukarudi nyumbani na mfuko wetu. Nilidhani ni woga wa siku moja. Kumbe ndiyo hivyo mpaka leo.

Daktari amemwita mara tatu. Mara ya mwisho alimfokea, na yule mama si mtu wa kufoka. Kuna tezi imetokea shingoni, upande wa kushoto, naiona akivaa shati. Asubuhi anatema damu, anaifunika kwa mchanga uani akidhani sioni. Pumzi yake inasikika mpaka jikoni.

Nimemlilia, nimemtukana, Mungu anisamehe. Ananiandikia kwenye karatasi: "Dada bado anaomba. Amesema kila asubuhi." Basi. Nikisema nikupigie simu nikuulize, ananishika mkono, anasema anayebeba hapaswi kuharakishwa. Leo nimevunja hiyo sheria yenu. Mimi sikuzaliwa kwenu, niliolewa tu.

Wifi, kama una jibu, lilete. Kama huna, niambie nimfanye nini mume wangu.

Wifi yako


Tarehe 19 Mei

Kaka,

Nenda ukakatwe. Nenda leo, barua hii ikiwa bado mkononi.

Hili silo jibu la Mungu. Ni langu mimi, na nakuomba ulipokee hivyohivyo, kwa sababu jingine sina na sitakuwa nalo. Sijaomba. Zile asubuhi nilikudanganya. Asubuhi nafungua mvuke, nakunywa chai ya rangi nimesimama, naanza kazi. Sijaomba kwa ajili yako wala ya mtu yeyote tangu tulipomfukia Kidoti.

Nilidhani ukishaona kitanda utalala. Nani anayeacha kitanda? Nikasoma "dirisha" na "godoro", nikakuona umelala, nikashusha pumzi, nikasema basi, madaktari wanatosha, hakuna atakayejua. Nilipoandika kwamba nakuombea niliona ni neno la kutuliza tu, kama pole. Sikujua kwamba umeketi juu yake.

Na kuna jingine. Ulisema hutaligusa jeraha. Mimi nitaligusa. Siku ile ulikuwa umejifungia kwenye ile stoo ya nyuma ya wodi ya watoto ukinibebea. Ukatoka, uso wako umetulia kabisa, ukanishika mabega ukasema, "Nimepata amani, dada. Mtoto anapona." Nilikuamini kuliko nilivyomwamini daktari. Nilikuamini kiasi kwamba nikaenda nyumbani kumnyooshea lile gauni la njano, ili akiruhusiwa atoke amependeza. Nilikuwa napiga pasi ukosi, kaka. Homa ile ya uti wa mgongo ilimmaliza mwanangu huku mimi nahangaika na ukosi uliokataa kulala. Alikuwa akiniita, muuguzi aliniambia. Sikuwapo kwa sababu ulinipa amani.

Barua yako ya kwanza ilipofika nililia. Halafu moyoni nikasema: haya, naye anataka kubebwa. Nikafurahi. Haikuchukua muda, lakini nilifurahi, na nimekaa na furaha hiyo miezi yote hii kama mtu aliyemeza sindano.

Sijui kama Mungu yupo upande wetu. Sijui kabisa. Lakini yule daktari yupo na kisu chake kipo. Nenda.

Sitakulaumu usiponiandikia tena.

Mdogo wako


Tarehe 8 Juni

Wifi,

Ninaandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi. Yuko hai. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungeruka mistari yote kulitafuta.

Barua yako ilifika mchana. Aliisomea pale ngazini. Akaisoma, akaikunja, akaifungua akaisoma tena. Nikangoja anipe, hakunipa, aliniruhusu kuisoma baadaye. Akaitia mfukoni mwa shati, akainamisha kichwa. Nikadhani ndiyo amevunjika kabisa. Kisha akainuka akavaa viatu, akasema kwa ile sauti ya kukwaruza, "Twende." Nikasema, "Jibu limekuja?" Akatikisa kichwa kwamba hapana. Akasema tena, "Twende."

Kitanda cha dirishani kilishapata mtu. Tulipewa cha koridoni, karibu na choo. Daktari hakufoka. Alimpima shingo yote kwa vidole, akatoka nje kidogo, akarudi.

Asubuhi ya upasuaji daktari alituita mimi na watoto, akamwambia mume wangu, "Mzee, kama una neno la kusema kwa sauti yako, liseme sasa." Sikufichi, wifi, nilidhani neno hilo ni langu. Nimekula naye, nimelala naye, nimezaa naye, nimemfulia mashati ya mnada yaliyojaa vumbi. Nikajiweka sawa. Nikasogea karibu kabisa, maana sauti ilikuwa imebaki kidogo sana.

Akafumba macho akaanza kuomba. Alimwambia Mungu hivi, nakuandikia kama nilivyosikia: "Mama Kidoti miguu imemgoma, hawezi kuja kwako. Nenda wewe kwake." Akapumzika kuvuta pumzi. Kisha akamtaja Kidoti, akamwambia Mungu kwamba mtoto alikuwa akimwita mama yake, na kwamba hilo hajalielewa na haoni aibu kusema hajalielewa. Akasema, "Usimwache mdogo wangu peke yake na pasi." Sauti ikakatika hapo. Midomo iliendelea, lakini hakuna aliyesikia. Wakamsukuma.

Kwa ajili yake mwenyewe hakuomba kitu. Mimi niliambulia mkono, alinibana vidole mpaka mlangoni. Nilikasirika, wifi. Bado nimekasirika kidogo, na nitakukasirikia na wewe ukija, kisha tutakunywa chai.

Sasa lile jingine. Ugonjwa umeshaingia kwenye tezi za shingo. Wametoa walichoweza. Akipata nguvu ataanza mionzi, na daktari hakutupa ahadi. Alisema, "Kama angekuja wakati ule wa kwanza..." akaishia hapo. Nami sikumwomba amalizie.

Nimekuwekea karatasi yake humu ndani. Ameiandika kwa siku mbili, anachoka.

Wifi yako


(Bila tarehe)

Mdogo wangu,

Wanasema niandike kidogo kidogo. Sasa hata kusengenya lazima nitumie kalamu.

Usijitwishe kosa langu. Mlango wa hospitali ulikuwa wazi, niligeuka na miguu yangu mwenyewe. Nilijiambia namngoja Mungu. Nusu ilikuwa hivyo. Nusu nyingine nilikuwa naificha sauti yangu nyuma ya mgongo wako.

Kuhusu Kidoti. Nimerudi kwenye ile stoo mara nyingi kichwani. Nimeipekua ile amani kama ninavyopekua mtoto wa meza nisije nikauza na pete ya mtu. Haikuwa ya kuigiza. Ilikuja kweli, dada, sikuiombea, ilinikuta nimeegemea ndoo. Na mtoto akafa. Siku zile sikukuambia kwa sababu sikujua nikuambieje. Nilidhani amani ni jibu. Siku hizi nafikiri labda ni Yeye tu aliyeingia, hana jibu mkononi, na mimi nikatoka mbio kukuletea kitu ambacho hakuleta. Sina hakika. Ndivyo nafikiri.

Hata humu ameingia. Usiniulize najuaje. Naogopa vilevile, natetemeka wakija kusafisha tundu, na bado yupo. Nilikuwa najua kwamba mtu akimwamini Mungu hofu inatoka. Kumbe vinaweza kukaa chumba kimoja, wala havigombani.

Uliniambia ukweli kwenye ile barua yako. Mtu hawezi kudanganya na kuomba kwa mdomo mmoja, kwa hiyo nafikiri mdomo wako sasa uko tayari. Lakini sikupi mzigo tena. Niliokupa ulikuwa mzito, na wewe ulikuwa tayari umebeba maiti.

Kaka


Tarehe 17 Juni

Kaka,

Karatasi yako ninayo ndani ya sare. Imelowa jasho lakini inasomeka.

Baada ya zamu nilikwenda kwenye chumba cha boila, kwa sababu mle kelele ni nyingi na mtu anaweza kusema lolote. Nilisimama mbele ya mabomba muda mrefu sana. Unajua mtu akikosana na jirani, siku ya kwanza ya kusalimiana tena anavyojikwaa? Ndivyo nilivyokuwa.

Nikamwambia: sijakusamehe. Nikamwambia kuhusu gauni la njano, rangi yake, vifungo vyake, mahali nilipoliweka. Nilipiga kelele, kaka, mimi ambaye ulinipa jina Kifuniko. Bi Pembe aliingia kutafuta ndara zake, akauliza nagombana na nani. Nikamwambia. Akachukua ndara, akafunga mlango taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuimba.

Kisha nikasema: lakini kaka yangu hana sauti, kwa hiyo nimekuja kuisema yake. Anaogopa. Shingo yake imeoza kwa kuningoja mimi. Mke wake yuko kwenye benchi. Usimchukue. Nikasema tena, usimchukue. Na kama utamchukua, usimwache hata kidogo njiani, kwa sababu ni mtu wa watu, hajazoea kuwa peke yake.

Nakuandikia wazi ili usije ukakosea: sikupata amani. Sikusikia kitu. Nilitoka na macho yamevimba, miguu inauma, na hofu ni ileile niliyoingia nayo. Kesho yake nilikwenda tena. Na leo tena.

Nimewaambia hapa kazini kwamba naondoka, wakubali wasikubali. Basi ni la Ijumaa. Mwambie wifi aniwekee hasira yake na chai.

Jibu sikuletei, kaka. Nakuja mwenyewe.

Mdogo wako